Risasi Moja na Makofi ya Salamu

Kwa miaka thelathini na mmoja Yobe Chulu alibeba bunduki ya serikali katika bonde la mto Luangwa, na katika muda huo wote alikuwa ameua tembo wawili tu, wote kwa amri iliyoandikwa, wala hakuna aliyemwuliza neno. Wa tatu alimwua bila amri, asubuhi moja ya mwezi wa Julai, kwa risasi moja. Risasi hiyo ndiyo iliyomponza, hali amebakiza miezi minane astaafu.

Kanuni ya askari wa wanyamapori ni fupi na haina kona. Mnyama akimjia, kwanza apaze sauti. Mnyama asipojali, apige risasi hewani. Asiporudi nyuma, hapo ndipo ampige. Basi likiokotwa ganda moja tu la risasi karibu na mzoga, maana yake askari hakuonya. Asiyeonya huhesabiwa kuwa alikusudia. Na aliyekusudia kuua tembo ni jangili, hata kama amevaa sare na vifungo vyake vinang'aa. Jangili hana kiinua mgongo. Ana gereza.

Mambo yalizidi kuharibika kwa sababu ya shukrani za watu. Mwaka ule mahindi yalikauka yangali machanga, na mzoga ulilala hatua mia tatu tu kutoka mashamba ya mwisho ya kijiji. Idara ilichukua pembe, nyama ikaachiwa wanakijiji, kama ilivyo desturi. Kabla jua halijaelemea magharibi hapakuwa na nyumba iliyokosa nsima, yaani ugali, na kitoweo cha nyama. Wanawake waliopita mbele ya ua wa Yobe walimpigia vigelegele, na mzee mmoja aliyebakiwa na meno mawili alisimama njiani akatangaza kwamba miaka yote hii serikali imelisha bunduki ile risasi, na leo ndiyo mara ya kwanza bunduki nayo kulisha watu. Yobe aliwafukuza wote kwa ukali. Haikusaidia kitu. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuvisikia vigelegele, akavitia katika barua yake kwa wakubwa.

Na shahidi mkubwa alikuwa Lameki Mbewe, mtu ambaye angefurahi kumwona Yobe akinywa uji wa gerezani, hata siku moja tu.

Lameki alikuwa mwongoza wageni katika Kambi ya Kasongole, mtu wa miaka thelathini na sita, mwepesi wa lugha na mwepesi wa kucheka. Katika matembezi ya miguu porini mstari una mpango wake usiobadilika: mbele askari na bunduki, nyuma yake mwongozaji, nyuma ya mwongozaji wageni, na mwisho kabisa mbeba chai. Hakuna atokaye mstarini bila askari kujua. Kwa mpango huo Yobe na Lameki walitembea hatua moja baina yao kila asubuhi ya kiangazi kwa miaka mitatu, nao walichukiana kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Chanzo kilikuwa ripoti. Miaka miwili kabla ya hapo Lameki aliwasogeza wageni karibu na simba waliokuwa wakila, kwa tamaa ya bakshishi, na Yobe akaliandika jambo hilo kama lilivyokuwa, akatia sahihi. Lameki akasimamishwa mwezi mzima, tena mwezi wenye wageni wengi. Tangu siku hiyo hakumwita Yobe kwa jina lake. Alimwita Madala, yaani mzee, jina la heshima ambalo kinywani mwake lilinuka.

Asubuhi ya mkasa walikuwa na wageni wanne. Lameki aliwaambia jambo kwa Kiingereza, wote wakacheka wakiutazama mgongo wa Yobe. Yobe alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, naye alielewa: Lameki aliwaambia kwamba bunduki ile na mwenyewe vilinunuliwa mwaka mmoja.

"Na vyote viwili bado vinafanya kazi," Yobe alisema kwa lugha ya bonde, bila kugeuka. "Wewe je? Miaka tisa umeoa, na kwa mama mkwe wako bado hujakaribishwa hata maji."

Hapo ndipo palipokuwa na donda la Lameki.

Kwa watu wa bonde lile, mwanamume haonani uso kwa uso na mama wa mkewe. Akimwona anakuja, huiacha njia, huingia majanini, humpa mgongo mpaka apite. Huo ndio mwanzo wa heshima yote. Lakini si kifungo cha maisha. Baada ya mtoto wa kwanza au wa pili mama mkwe humpikia mkwewe chakula, ngoma hupigwa, naye huingizwa nyumbani. Tangu hapo husalimiana kama watu. Lameki alikuwa na watoto wanne, wala hakuingizwa. Mama mkwe wake, Fainesi Nkhoma, ambaye kijiji kizima kilimwita Ambuya, yaani bibi, alikuwa na sababu yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa Lameki alipaswa kumlimia shamba kwa mikono yake mwenyewe, naye akapeleka vibarua. "Niliomba mkwe," Ambuya alisema wakati ule, "nikaletewa tajiri." Neno hilo halikupata kufutwa.

Basi walikuwa wameshika njia ya tembo, nyasi zikiwafika kifuani, walipotokea mbele yao wanawake wanne na matita ya nyasi za kuezekea vichwani. Ulikuwa msimu wa kukata nyasi, na upande ule wa mto wanakijiji wana ruhusa. Aliyetangulia alikuwa Ambuya Fainesi.

Yobe aliinua mkono, mstari ukasimama. Kisha akafanya lile alilofundishwa na mama yake kabla hajajua kuvaa suruali: aliitundika bunduki begani kwa mkanda wake, akakunja magoti, akakutanisha viganja na kupiga makofi ya polepole, akimsalimu mwanamke aliyemzidi umri. Ambuya aliitikia huku shingo imenyooka chini ya mzigo. Yobe akauliza habari za nyumbani, akajibiwa.

Nyuma yake Lameki naye alifanya lile alilofundishwa. Aliiacha njia kimya kimya, akaingia kushoto, akapita kichaka kikubwa, akatoa mgongo. Na wale wageni wanne, ambao kambini walikuwa wameonywa wasiachane na mwongozaji wao hata hatua moja, wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Wedisoni, mbeba chai, alikuwa amebaki nyuma kwenye kona akifunga kamba ya kiatu.

Nyuma ya kichaka kile alikuwapo tembo jike na ndama wake.

Yobe alisikia mlio wa tembo, kisha ukelele wa mgeni mmoja wa kike. Alipogeuka hakuona mtu. Alivuta bunduki, mkanda ukanasa kwenye kifungo cha bega. Mpaka auchomoe na kukizunguka kichaka, tembo alikuwa amekwisha kukunja mkonga na kulaza masikio, hatua kumi na mbili kutoka alipo Lameki, na nyuma ya Lameki wageni wamerundikana. Hapakuwa na nafasi ya sauti wala ya risasi ya hewani. Yobe alipiga mahali panapopigwa. Tembo akaanguka magoti, kisha ubavu. Ndama alimzunguka mamaye mara mbili, akakimbilia kundi lililokuwa mbele zaidi. Wanawake walikuwa wametupa nyasi zao na kutimka.

Adabu mbili zilimwua tembo yule, adabu ya mkwe na adabu ya salamu, na Yobe alilijua hilo kabla moshi haujaisha mtutuni. Lakini alasiri ile, alipoketi kituoni kuandika ripoti, aliandika moja tu. Aliandika kwamba Lameki alitoka mstarini na kuwapeleka wageni kichakani. Kuhusu nafsi yake aliandika: "Nilikuwa nimeshika bunduki tayari mikononi." Akatia sahihi kwa mwandiko uleule mzuri wa misheni, yeye ambaye kwa miaka miwili alijisifu moyoni kwamba huandika mambo kama yalivyokuwa.

Lameki naye aliandika yake. Hakuna aliyetoka njiani. Tembo alikuwa akila mbali, akapiga masikio tu kama wafanyavyo tembo wote, na askari akamwua bila kutamka neno. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo: mwongozaji anayewatoa wageni mstarini hupoteza leseni. Wageni wenyewe walipanda ndege kesho yake, wala meneja wa kambi hakutaka kuwasumbua kwa maswali. Wedisoni alisema hakuona kitu, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Wakabaki wanawake. Watatu walisema kwamba habari za mkwe wa Ambuya hawawezi kuzisema kabla Ambuya mwenyewe hajasema. Basi Yobe akaenda kwake. Mara ya kwanza Ambuya alimwacha juani mpaka akarudi zake. Mara ya pili alitumwa mjukuu kumwambia kwamba bibi amelala, na sauti ya bibi ikasikika ndani ikimfundisha mjukuu namna ya kusema. Mara ya tatu alimkuta akipepeta.

"Unataka niende nikawaambie nini watu wa serikali?" aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ulichokiona, Ambuya. Kwamba mkweo aliacha njia."

"Yaani niseme alinipa heshima."

Yobe alichutama karibu na ungo.

"Miaka tisa nawaambia watu yule mtu hana adabu. Leo nisimame niseme aliniachia njia vizuri, kesho si watakuja na ngoma hapa wanidai nimpikie? Hapana, Chulu. Mimi nilikuwa na mzigo kichwani. Niliona vidole vyangu vya miguu, basi."

Yobe alimwambia kwamba atafungwa. Ambuya alipuliza makapi, akasema gerezani wanakula maharagwe kila siku, na mwaka huu si kila mtu kijijini anayapata.

Hata hivyo Yobe aliandikisha jina la Ambuya awe shahidi, na tarishi wa chifu akaenda kumwita. Kuna jambo moja ambalo Yobe alilipima njia nzima ya kurudi nyumbani: Ambuya aliona mgongo wa Lameki, lakini aliona pia makofi yake yeye. Akajifariji kwamba mama yule ana ugomvi na mtu mmoja tu.

Baraza la uchunguzi lilikaa kituoni wiki ya tatu, saa nne ya asubuhi. Ofisa alikuwa Mubita Sililo, mtu wa kabila la Walozi wa nchi ya magharibi, aliyetumwa kutoka mjini Chipata. Mtu mpole, mzito wa kunena, aliyechonga penseli yake kwanza na kuuliza baadaye. Kwa kuwa Lameki alikuwa ndani, Ambuya hakuweza kuingia. Alitandika mkeka nje chini ya dirisha, akauegemeza mgongo ukutani. Sililo, ambaye naye alikuwa na mama mkwe, hakubishana na jambo hilo.

Lameki alisema vizuri. Alieleza upepo, umbali na masikio ya tembo, na kila alipotaja risasi alitikisa kichwa kama mtu aonaye huruma. Sililo alimwacha amalize.

"Mlikutana na wanawake," alisema kisha.

"Ndiyo, bwana."

"Walipopita, wewe ulikuwa wapi?"

"Njiani. Nyuma ya askari. Mimi na wageni wangu wote."

"Uliwaona vizuri?"

Yobe, aliyekaa kwenye benchi la pili, aliona shingo ya Lameki ikitoa jasho. Mbele ya mtu huyu zilikuwako njia mbili: moja ilikwenda kwenye leseni yake, nyingine kwenye heshima yake, wala haikuwapo ya tatu.

"Niliwaona," alisema.

"Na huyo aliyetangulia?"

"Nilimwona."

"Uso kwa uso?"

"Uso kwa uso, bwana."

Nje, mkeka ukasugua ukuta.

"Muulize," ilisema sauti dirishani, "ameuona uso wa nani?"

Sililo alimwomba mama asubiri zamu yake. Sauti ikajibu kwamba imesubiri miaka tisa na sasa imechoka.

"Huyo aliye ndani hajaniona usoni hata siku moja, na Mungu akinijalia hataniona. Aliacha njia. Aliingia kushoto, akanipa mgongo, na shati lake limepasuka bega la kulia, maana binti yangu hana uzi. Wazungu wake wakamfuata kama bata. Angesimama njiani anitazame, ningetupa nyasi palepale nikaenda kwa chifu, na binti yangu angelala kwangu siku hiyohiyo. Leo ananifanya mimi mwanamke wa kukodolewa macho na mkwe? Andika hivyo, wewe mwenye penseli. Aliniachia njia. Atake asitake, aliniachia njia."

Sililo akaandika. Lameki aliinamisha kichwa, mikono yake imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Yobe alihisi mzigo wa wiki tatu ukimtoka mabegani; na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa, alijikataza kutabasamu, lakini alijikataza kwa shida.

Kisha Sililo, kwa ukamilifu tu wa kazi yake, aliuliza askari alikuwa akifanya nini wakati huo.

"Chulu?" sauti ikalainika. "Chulu amelelewa. Alikunja magoti, akanipigia makofi ya salamu, akaniuliza habari za nyumbani. Siku hizi hawako wengi wa namna hiyo."

Penseli ikasimama.

"Alipiga makofi kwa mkono upi, mama?"

"Kwa yote miwili. Kwani nyie Walozi mnapiga makofi kwa mkono mmoja?"

Watu waliokusanyika nje wakacheka. Sililo hakucheka. Aliitafuta ripoti ya Yobe katika makaratasi yake, akaisoma ile sentensi moja kwa sauti, polepole, akaigeuza karatasi ili Yobe aione.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Na bunduki ilikuwa wapi?"

Angeweza kusema kwamba mama amezeeka. Angeweza kusema kwamba alipiga kofi moja tu, bunduki ikiwa kwapani. Yobe aliutazama mwandiko wake, ambao mwalimu wa misheni aliusifu miaka arobaini iliyopita mbele ya darasa zima, akaona aibu kama mtu aliyekutwa uchi.

"Begani," alisema.

"Kwa nini uliandika vingine?"

"Niliogopa."

Lameki alikuwa ameinua kichwa. "Karibu kwenye kiti cha waongo, Madala," alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemkemea.

Hukumu ilikuja baada ya siku tisa. Yobe Chulu si jangili. Aliua ili kuokoa watu, na kiinua mgongo chake kitalipwa. Lakini aliondoa mikono kwenye silaha akiwa mbele ya wageni, kisha akadanganya kwa maandishi. Kwa hiyo hatabeba bunduki tena, na miezi iliyosalia atatumika langoni mwa hifadhi, akiinua nguzo ya kizuizi na kuandika namba za magari. Lameki Mbewe alinyang'anywa leseni kwa miaka mitatu. Kila mmoja wao aliona kwamba mwenzake ameponea kwa adhabu nyepesi.

Siku aliyorudisha bunduki ghalani Yobe alichukua kuku mmoja, akaenda kumshukuru Ambuya, kwa kuwa alifundishwa kushukuru hata pale anapoumia. Alimkuta akisimika nguzo za ua mpya, matope yamemfika viwikoni.

"Rudi na kuku wako," alisema Ambuya. "Sikusema kwa ajili yako."

"Najua, Ambuya. Lakini umeniokoa."

"Nimekuokoa, na nimejiangamiza. Yule mtu alikuwa anakaa kambini miezi minane ya mwaka, nami napumua. Sasa yuko hapa kutwa. Nyumba yake ile pale, kisima ni kimoja. Nikitaka maji, yuko kisimani. Nikitaka kuni, ndiye anatoka. Jana nimejifungia chooni mpaka jua likanifika utosini, kisa yeye anaziba pancha ya baiskeli njiani. Chooni, Chulu. Mwanamke wa umri wangu."

"Basi mwingize. Mpikie, yaishe."

"Nimwingize mtu aliyesema mbele ya serikali kwamba ameniona uso?" Alibandika tope kwa kofi lililomrukia Yobe shatini. "Wewe nenda kainue nguzo yako."

Wakati huohuo Lameki alitokea kwenye kona ya njia, ndoo mkononi. Ambuya aliwahi kuchutama nyuma ya ua wake uliojengwa nusu. Lameki aliacha njia, akaingia majanini, akatoa mgongo. Yobe akabaki peke yake katikati, na kuku kwapani.

"Madala," alisema Lameki, akiitazama mihogo ya shambani, "mwambie aliye nyuma ya ua kwamba nguzo mbili amezisimika ndani ya shamba la mke wangu."

"Chulu," ilisema sauti nyuma ya ua, "mwambie aliye majanini kwamba shamba hilo nilimpa mimi binti yangu, na lililimwa na vibarua."

"Mwambie basi kwamba vibarua walilima vizuri kuliko anavyojenga."

Yobe aliwasikiliza wote wawili kwa zamu, kama alivyozoea kusikiliza pori. Aliona kwamba wangeweza kumsimamisha pale mpaka mvua za Novemba. Alimweka kuku chini katikati ya njia, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kutokeza kumchukua, akaenda zake langoni, maana zamu yake ilianza saa nane.